Kioo Kikifungwa, Bomba Liko Wazi: Mhadhara Juu ya Hewa Tunayovuta Ndani ya Magari



Nimefundisha kemia miaka mingi, na miaka hiyo yote nimekwenda kazini kwa daladala. Jioni moja tulikwama kwenye foleni pale Ubungo, Dar es Salaam, gari limejaa hadi mlangoni, lori limetutangulia likitoa moshi mweusi. Konda aliinama kunitazama, akatabasamu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Mimi mzima, Mwalimu. Kifua tu."

Alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Aliniambia kwamba huingia barabarani saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku, hesabu ya tajiri mwenye gari ikishatimia. Akatoa leso mfukoni, akajifuta uso na pua, kisha akanionyesha. Leso ilikuwa na doa jeusi. "Ulitufundisha kwamba mkaa ni kaboni," alisema. "Hii nayo?" Nikamjibu kwamba sehemu kubwa ya weusi ule ni kaboni kweli. Akaikunja leso, akauliza tena: "Hii imetoka. Sasa iliyobaki ndani?"

Lori likasogea, nasi tukasogea, yeye akaruka chini kuita abiria. Sikuwahi kumjibu. Mhadhara huu ni jibu langu kwake.

Chumba kinachokwenda

Tukiingia garini na kufunga mlango, tunahisi tumeiacha barabara nje. Kelele hupungua, jua hupungua, vumbi halionekani tena. Moyo hutulia ukidhani mapafu nayo yamepata kivuli.

Gari, hata hivyo, ni chumba chenye mlango wa hewa uliowekwa mahali pabaya. Magari mengi huvuta hewa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapokomea. Feni iliyo nyuma ya dashibodi huisukuma hewa hiyo hadi usoni kwenu. Sasa fikirini foleni. Ekzosi ya gari la mbele iko hatua chache tu kutoka kwenye matundu yale. Moshi unaotoka pale haujapata nafasi ya kutawanyika. Mtu aliyesimama kando ya barabara huupata ukiwa umeshachanganyika na upepo, lakini aliye ndani ya gari huupokea karibu na ulikozaliwa, tena katikati ya barabara ambako magari yote yanapumulia. Ndiyo maana hewa ya ndani ya gari lililo kwenye foleni yaweza kuwa chafu kuliko hewa ya mpita njia anayetuonea wivu kwa kukaa kitini.

Kuna njia nyingine ambazo uchafu huingilia, nazo wenye magari makuukuu mnazijua. Sailensa iliyotoboka, sakafu iliyoliwa na kutu, mpira wa mlango wa nyuma uliokatika. Gari linapokwenda, nyuma yake hewa hupungua nguvu na kuvuta vitu vilivyo karibu. Ukiliendesha mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu umepakia kabati, moshi wa ekzosi yako mwenyewe hurudi ndani. Tena zipo daladala ambazo injini iko chini ya siti za mbele au pembeni mwa dereva, imefunikwa kifuniko ambacho abiria hukikalia. Nani hapa hajawahi kuambiwa, "Dada, kaa kwenye injini"? Kifuniko kile kikilegea, joto mnalolisikia miguuni huja pamoja na mvuke wa mafuta na gesi za injini.

Kilichomo ndani ya pumzi

Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku moja. Maji anayokunywa hayafiki lita 4. Maji hayo tunayachemsha, tunayachuja kwa kitambaa safi, tunauliza yametoka kisima gani. Hewa hatuiulizi kitu.

Nianze na chembechembe. Wataalamu huhesabu hasa zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe hizi zaidi ya 20 zaweza kujipanga mstari mmoja kwenye upana wa unywele. Vumbi kubwa hunaswa puani. Hilo ndilo konda wangu alilolifuta kwa leso. Chembe ndogo hupita pua, hupita koo, hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia damuni. Hapo husumbua moyo na mishipa, siyo kifua peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachoshauri kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na kwa wastani wa siku moja likaweka 15. Moshi wa dizeli wenyewe ulishatiwa mwaka 2012 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na wakala wa shirika hilo unaotafiti saratani.

Pili, kuna gesi. Nitataja moja ambayo kila dereva lazima aijue: kabonimonoksaidi. Haina rangi wala harufu. Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto, lakini hii huua bila kufuka. Huishika damu, pale pale panapobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, kisha husinzia. Na aliyesinzia hawezi kujiokoa. Kwa hiyo nawasihi, hasa ninyi wa malori na mabasi ya mikoani: usilale ndani ya gari lililofungwa huku injini inanguruma. Usiache gari linawaka ndani ya banda lililofungwa. Na jiko lenye mkaa unaowaka lisipandishwe garini hata kwa safari fupi.

Tatu, gari lenyewe hutoa hewa zake. Harufu ya gari jipya inayosifiwa ni mvuke wa plastiki, gundi na vitambaa vya siti. Likiegeshwa juani, mvuke huo huongezeka. Umewahi kusambaa kwenye simu zetu ujumbe kwamba dashibodi iliyopata joto inatoa sumu ya kuua palepale. Ujumbe huo umekuza mambo, lakini ushauri wake wa kufungua milango kwanza, hewa ya moto itoke kabla hujakaa, ni mzuri. Dumu la petroli nyuma ya siti, sigara, na dawa za kunukiza zinazoning'inizwa kwenye kioo, vyote huongeza mzigo juu ya mzigo. Manukato hayaondoi uchafu. Huufunika pua isiutambue.

Tufunge au tufungue?

Hapa ndipo kila mtu huniuliza swali lake. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya watafiti walioongozwa na Prashant Kumar wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Walipima chembechembe ndani ya magari katika miji 10 ya dunia, ikiwamo Dhaka, Cairo, São Paulo, Addis Ababa, Blantyre na Dar es Salaam yetu hii. Katika magari ya Dar es Salaam wastani ulipita mikrogramu 80 kwa mita ya ujazo. Mji wetu na Blantyre ndiyo iliyokuwa na hewa nzito zaidi ya yote. Waligundua pia kwamba anayesafiri vioo vikiwa wazi ndiye anayevuta chembechembe nyingi zaidi, na kwamba anayefunga vioo na kuzungusha hewa ya ndani hupunguza sana chembe hizo.

Kuzungusha hewa ya ndani ni kazi ya kitufe kimoja kilicho karibu na swichi ya kiyoyozi: kina picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake. Ukikibonyeza, mlango wa hewa ya nje hufungwa, na feni huichota upya hewa iliyomo ndani. Wengi tunakipita kila siku bila kujua ni cha nini.

Lakini msikimbilie kukibonyeza na kukisahau. Tufanye hesabu pamoja, kama darasani. Mtu aliyekaa hutoa takriban lita 0.3 za kabonidayoksaidi kila dakika. Gari dogo lenye watu wanne litapokea lita 1.2. Nafasi ya ndani tuseme ni lita 3,000. Gawanya: kila dakika gesi hiyo huongezeka kwa sehemu 400 katika milioni, karibu sawa na kiasi chote kilichomo katika hewa ya nje. Kama hakuna upenyo, dakika 10 zitaifikisha zaidi ya 4,000. Nyufa za gari hupunguza kidogo, lakini hesabu inabaki kutuonya. Hewa ikifikia hapo, kichwa huwa kizito na usingizi hunyemelea, na anayesinzia ndiye aliyeshika usukani. Mara ngapi tumesema dereva amechoka, kumbe na hewa nayo ilikuwa imechoka?

Kuna jambo zito zaidi. Kifua kikuu husafiri kwa pumzi. Ndani ya gari lililojaa, kioo kilicho wazi ni kinga kubwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliishi kwa level siti, yaani hakuna kusimama. Tulijifunza kwa miezi michache kwamba pumzi ya jirani ni jambo linalonihusu, kisha tukasahau, tukarudi kubanana.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mkono ufuate mahali. Upo nyuma ya lori, kwenye makutano, au kwenye vumbi la barabara inayojengwa, na gari lako lina kiyoyozi: funga, zungusha hewa ya ndani. Umetoka penye moshi, barabara imefunguka: fungua, gari lipumue, hata kwa dakika mbili tatu, na usipitishe dakika 10 bila kufanya hivyo mkiwa wengi. Kwenye gari lililojaa watu, mwendo ukikolea, vioo viwe wazi. Anayeamua mara moja asubuhi na kusahau hadi jioni atakosea mara nyingi.

Na kichujio? Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani yana mahali pa filta ya hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria. Juzi nilimwomba fundi afungue kisanduku hicho katika gari la mwenzangu. Ilitoka filta nyeusi imejaa majani makavu, na pembeni mwake maandishi ya Kijapani. "Mwalimu," fundi akasema, "hii imepanda nayo meli." Gari lilikuwa nchini kwa miaka sita. Filta kama hiyo hubadilishwa kila mwaka, au kila kilomita 15,000. Barabara zetu za vumbi zikidai, basi mapema zaidi. Ijapokuwa huzuia vumbi vizuri na chembe ndogo kwa kiasi chake, kabonimonoksaidi haiizuii kabisa, hata ile filta yenye mkaa maalumu ndani yake. Kwa hiyo tusiiamini kupita uwezo wake.

Gari lisilo na kitufe

Nimesema kuhusu kitufe, nami naona makonda hapa mbele wananitazama. Wana haki. Daladala yao haina kitufe hicho. Mlango hufunguliwa kila kituo, na kituo ndipo magari yanaposimama yakiwa yanawaka. Abiria huvuta hewa ile saa mbili kwa siku. Konda na dereva huivuta saa 15, na konda huivuta akiwa amesimama, anapaza sauti, anaruka na kupanda, kwa hiyo mapafu yake hufanya kazi zaidi ya yangu niliyekaa.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tukisikia mahali pa kazi, tunafikiria kiwanda, mgodi, jengo linalojengwa. Mimi nasema siti ya dereva ni mahali pa kazi. Ngazi ya mlango wa daladala ni mahali pa kazi. Mwenye gari asiyeziba sailensa, asiyekaza kifuniko cha injini, ni sawa na mwenye kiwanda aliyewasha mtambo ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Nanyi mnaomiliki magari madogo yenye viyoyozi, niwaambie kwa upendo. Kile kitufe kinafunga njia ya kuingilia. Hakifungi bomba la kutokea. Wewe umekaa kwenye hewa iliyochujwa, na ekzosi yako inaelekea kwenye dirisha lililo wazi la daladala iliyo nyuma yako, ambamo yumo mama amembeba mtoto mgongoni. Mtoto yule, akilinganishwa kwa uzito wa mwili, huvuta hewa nyingi kuliko mimi na wewe. Tumegawana barabara, na kwa kuwa tumegawana barabara tumegawana pumzi.

Jinsi risasi ilivyoondoka

Kuna wanaoniambia, "Mwalimu, haya ni ya nchi tajiri, sisi tutafanya nini?" Niwasimulie habari moja.

Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors nchini Marekani, aligundua kwamba ukitia mchanganyiko wa risasi kwenye petroli, injini huacha kugonga. Dunia nzima ikafuata. Kwa miongo mingi magari ya petroli yalimwaga risasi hewani, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Sisi wa umri wangu tulikua tukiivuta. Hapakuwa na kioo wala kitufe cha kumwokoa mtu.

Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegali, wakaazimia kuiondoa. Ilipofika Januari 2006, petroli yenye risasi ilikuwa imekomeshwa katika ukanda huu wote. Fikirini: nchi zilizoitwa maskini, miaka isiyozidi mitano. Mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu kwa jirani zetu, Nairobi, lilitangaza kwamba nchi ya mwisho, Algeria, nayo imeacha. Risasi iliondoka katika magari yote, la waziri na la konda, kwa sababu iliondolewa kwenye mafuta.

Hatukuishia hapo. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isiwe na salfa zaidi ya sehemu 50 katika milioni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007. Misingi ipo.

Lakini tazameni tunavyojirudisha nyuma. Petroli isiyo na risasi iliruhusu masega yafanye kazi. Masega ni kile chombo kilicho kwenye bomba la ekzosi chenye vijitundu kama vya sega la nyuki, ambacho hugeuza gesi zenye sumu ziwe zenye madhara madogo. Ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Kwa sababu ya thamani hiyo huibwa usiku, na mchana huuzwa gereji kwa ridhaa ya mwenye gari, anayeambiwa kwamba gari litakuwa jepesi. Taa ya dashibodi fundi huizima, na mwenye gari huondoka na noti kadhaa mfukoni. Hizo noti ni malipo ya pumzi za watu wengine, ambao hawakuulizwa kama wanauza.

Yaliyo mikononi mwetu

Ninaomba mambo machache, na kila moja nimelipima kwa swali hili: je, linawezekana mwezi huu?

Madereva, mkifika stendi kusubiri zamu, zimeni injini. Stendi ambayo magari 30 yanawaka bila kwenda popote ni jiko tunalowapikia mama lishe na wanafunzi waliosimama pale. Wazazi mnaowapeleka watoto shuleni, zimeni injini getini. Kwenye foleni, acheni nafasi kati yenu na gari la mbele. Hatua chache huupa moshi muda wa kutawanyika.

Wenye daladala, kabla ya rangi mpya na muziki mpya, kagueni sailensa, sakafu na kifuniko cha injini. Msiuze masega. Gaweni zamu, ili mtu mmoja asivute hewa ile kutwa nzima. Deiwaka anayeshika zamu ya mwenzake naye ni mtu. Msimwachie gari lenye moshi kwa kuwa ni wa siku moja.

Wenye mamlaka, gari linalokaguliwa likaguliwe na moshi wake, kwa kipimo na si kwa macho. Pimeni hewa ndani ya daladala, mtangaze matokeo kwa Kiswahili, kama mnavyotangaza mvua. Endelezeni mabasi makubwa: tangu mwendokasi uanze mwaka 2016, njia ya Kimara hadi Kivukoni imetuonyesha kwamba basi moja laweza kubeba watu wa magari madogo mengi. Na mabasi ya umeme yanayokwenda katika mitaa ya Nairobi yatuamshe.

Ninyi abiria, msione aibu kusema. "Konda, tufungulie vioo." "Dereva, zima gari, tunasubiri." Nimezitamka sentensi hizo mara nyingi, na mara nyingi zimesikilizwa. Zisiposikilizwa siku hiyo, kuna mtoto kwenye siti ya nyuma aliyezisikia.

Ndugu zangu, lugha yetu ilishalijua jambo hili kabla ya vipimo kuvumbuliwa. Neno kupumzika lina mzizi mmoja na pumzi: kwa Mswahili, kupumzika ni kurudishiwa pumzi yako. Mtu anayevuta moshi tangu alfajiri hadi usiku hapumziki hata akikaa.

Na sasa nimjibu kijana wangu, kama yumo humu ndani, au kama mmoja wenu atampelekea salamu. Mwanangu, uliniuliza kuhusu iliyobaki ndani. Nyingine mwili wako unaitoa polepole, kidogo kidogo, ukiupa nafasi. Nyingine itabaki, na siwezi kukudanganya. Nenda zahanati ukapimwe kifua, usingoje kikuangushe. Ile ambayo bado haijaingia, hiyo tunaweza kuizuia. Na kuizuia si kazi ya leso yako. Ni kazi ya sisi wote tuliokuwa tumekaa ndani ya gari jioni ile, na ya kila aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni.